Alama za mboko na alama za shimo

Kuna nchi ambako mtu anamaliza chai, anageuza kikombe, kisha anaangalia majani yaliyobaki yamekaa namna gani. Umbo la ndege njo habari, umbo la nyoka njo adui. Hapa Kalemie chai tunachuja, majani tunatupa. Lakini kusoma alama tunajua: wazee wetu Waluba wana mboko.

Mboko ni kibuyu, mara nyingine kikapu, chenye vitu vidogo vingi: mbegu, shanga, mdomo wa ndege, kucha za nyama, vyuma vidogo sawa vile vyombo vya kazi, sanamu za mti, pamoja na mpemba, ule udongo mweupe. Bilumbu, mfumu wa Kiluba, anaingiwa na pepo, anatikisa, kisha anaangalia kitu gani kimepanda juu na kiko karibu na kipi.

Sasa tuelewane. Kitu kimoja hakina maana moja. Sanamu iliyolala inaweza kusema kifo kwa huyu, ugonjwa kwa yule. Maana inapatikana katika mazungumzo: bilumbu anauliza, mwenye shida anajibu. Katika kashekesheke, namna nyingine ya zamani, unaona wazi zaidi: bilumbu na mwenye kuuliza wanashika pamoja kachombo kamoja ka mti, na kanatembea chini wakati maswali yanapita. Mikono ni ya watu wawili.

Sizarau kazi hiyo. Kule Tervuren, Ubelgiji, wameweka sanamu ya mwanamke aliyeshika bakuli ya namna ile ya mpemba, kazi ya fundi wa Buli, upande wa Lualaba. Wazungu wanalipa pesa kwa kuingia kuiangalia.

Shida ni pale shimo linapoanguka. Jamaa ya marehemu inaenda kuuliza: nani amemuua? Ukiuliza "nani", utapewa mtu. Mara nyingi ni bibi yake, ao mama mkwe, ao kamaradi aliyebaki nje siku ile kwa sababu ya homa. Nimeona mjane anafukuzwa na watoto, matanga bado hayajaisha.

Na shimo lilikuwa limesema mbele. Vijiwe vinaanguka kidogo kidogo. Mti wa kushikilia unalia. Ufa mpya. Maji yanatoka pahali palipokuwa pakavu. Mshumaa unafifia ndani: hewa imeharibika, panda juu mbio, usingojee mtu.

Basi sisi wa sendika, kukitokea msiba, tunafika kwanza kwa wale waliofanya kazi naye. Maji yalianza siku gani? Miti iligeuzwa lini? Nani alisema watu washuke baada ya mvua? Tunaandika katika daftari, na majina ya mashahidi, siku ileile. Maana kuna mkubwa mmoja wa shimo anayefurahi sana jamaa wakipata mchawi: hakuna tena anayemuuliza juu ya miti.