Ploti ya nane: kwa nini kukata shamba huleta vita mtaani

Uzi wa leo ni wa ploti. Kwenye kaunti zinazopakana na Nairobi, kama Kiambu, Kajiado na Machakos, mdahalo wa wagombea haukosi hili swali: mtu anataka kukata shamba ploti za makazi, majirani wanakataa. Mgombea mmoja anasema ati ardhi ni ya mwenyewe. Mwingine anasema wananchi hawakuhusishwa. Makofi, kisha swali lingine.

Wote wawili wanaruka hesabu. Tuifanye.

Ekari moja ni futi mraba 43,560. Ploti ya 50 kwa 100, ile inayotangazwa kila mahali, ni 5,000. Ukikata nane umetumia 40,000, zimebaki 3,560. Sasa pitisha barabara ya mita 9, yaani karibu futi 30, katikati ya ekari ya mraba yenye upande wa kama futi 209. Barabara peke yake inakula zaidi ya 6,000. Haitoshei. Ekari yenye barabara ya maana inatoa ploti saba. Ile ya nane ndiyo barabara.

Kwa hivyo anayekata ana sababu nzuri sana ya kubana njia, hata kama lori la kunyonya choo halitaweza kugeuka. Akimaliza kuuza, ameenda. Wanaobaki na tope ni walionunua na majirani waliowatangulia. Na siku kaunti ikitaka kupanua hiyo njia, itabidi ilipe fidia. Hizo ni pesa zako.

Maji taka ni hivyo hivyo. Pale mtaro wa maji taka haujafika, kila nyumba inachimba shimo lake. Shamba lililokuwa na boma moja sasa lina mashimo nane, na jirani wa chini ana kisima. Hofu yake si wivu wa maendeleo.

Sheria inasema nini? Katiba, Kifungu cha 40, inalinda mali yako. Kifungu cha 66 kinairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya afya ya umma, usalama na mipango, kati ya mengine. "Ni shamba langu" ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, unahitaji ruhusa ya kaunti kabla ya kugawa. Kama ni shamba la kilimo, unahitaji pia idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi.

Hapa wengi hupotelea. Mwombaji anatakiwa kuutangazia umma, na tangazo linaalika pingamizi. Yale matangazo ya magazetini kwa kawaida hutoa siku 14. Pingamizi liwe la maandishi, lifike kwa waziri wa kaunti anayehusika. Kaunti ikikaa kimya siku 60 bila kumjibu mwombaji, ruhusa huhesabiwa imetolewa. Ndiyo, kimya ni ndiyo! Usiporidhika na uamuzi, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mambo ya mipango, halafu kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Sasa linganisha na vile sisi hufanya. Tunangoja tingatinga lifike, tunachoma tairi, tunamwita MCA apigwe picha. Wakati huo ploti zimeshauzwa.

Na majirani nao wasijifanye malaika. Pingamizi nyingine zinasema tu "wapangaji wataleta wizi" au "bei ya nyumba zetu itashuka". Hiyo ni dharau kwa watu wanaotafuta pa kuishi, na kwa maoni yangu kaunti iitupe. Pingamizi lenye uzito linataja upana wa barabara kwenye ramani, maji ya mvua yataelekea wapi, choo kiko umbali gani na kisima.

Mdahalo ukija kwenu, msimuulize mgombea kama anaunga mkono maendeleo. Muulizeni matangazo ya kaunti yatabandikwa wapi mtu wa kawaida ayaone, nani atatoka ofisini kwenda kupima hiyo barabara kabla ya kupiga muhuri, na yule afisa aliyepitisha njia ya futi 12 atafanywa nini.