Leseni ya Pombe

Wasomaji wetu, yafaa tujue: je, mwenye kilabu aweza kufungua mlango saa yoyote apendayo? La, sivyo. Katika Kenya, sheria ya mwaka 2010 yataka kila auzaye pombe awe na leseni, wala haitolewi kwa nyumba iliyo chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Sheria hiyo iliweka saa za vilabu siku za kazi: tangu saa 11 jioni hata saa 5 usiku. Aliye chini ya miaka 18 asiuziwe kabisa.

Ndiyo iliyoondoa marufuku ya chang'aa, lakini mpikaji sharti awe na leseni. Kwani pombe ya mafichoni yaweza kuwa na methanoli, nayo hupofusha na kuua. Basi leseni si ada tu. Ni kinga ya macho yetu.