Naivasha: Kalenda Ndiyo Hupanga Bei

Mwishoni mwa Machi 2024 hoteli za Naivasha zilifikiwa na wateja wa aina mbili kwa mpigo. Safari Rally, iliyorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kufanyika Juni kwa miaka mitatu mfululizo, ilisogezwa hadi tarehe 28 hadi 31 Machi, yaani wikendi ya Pasaka. Familia za Nairobi zilizozoea kuteremkia ziwani kila Pasaka zikajikuta zinagombania vitanda na mashabiki wa magari. Waliochelewa kulipa walisukumwa hadi Gilgil na Nakuru.

Mkasa ule unaeleza biashara nzima ya mji huu. Naivasha iko takribani kilomita 90 kutoka Nairobi, chini ya mlima Longonot, kando ya ziwa lililo juu kuliko maziwa yote ya Bonde la Ufa nchini Kenya, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei, vuli huja Oktoba hadi Desemba, na Julai ni sweta kutwa. Mgeni angedhani bei za vyumba hupanda na kushuka kwa mvua na jua. Sivyo. Zinafuata ratiba za shule, kalenda ya serikali na mbio za magari, na mzazi anayepanga likizo bila kuzitazama hizo tatu atalipa zaidi kwa chumba kilekile.

Anza na wiki yenyewe. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, hoteli kubwa za Moi South Lake Road ni za warsha. Wizara, serikali za kaunti, kamati za bunge na mashirika yasiyo ya kiserikali huja hapa kuandika ripoti na kupitisha mipango mikakati. Mteja wa warsha ni mtamu: anakodi ukumbi, anakunywa chai mara mbili kwa siku, anakula milo yote, na hapigi bei kwa kuwa pesa si zake. Ijumaa jioni mabango ya warsha hushushwa na zamu ya watoto huanza. Familia hupiga bei mpaka ya godoro la ziada, huuliza kama bwawa la kuogelea lina maji moto, na huficha soda kwenye buti la gari. Lakini ina sifa moja ambayo kaunti nyingi hazina: inalipa kabla ya kulala. Madeni ya serikali kwa watoa huduma ni kidonda cha miaka nchini Kenya, na hoteli iliyojaa warsha inaweza kukosa pesa za kulipa mishahara. Ndiyo maana meneja mwenye akili hamdharau baba mwenye watoto wanne na soda za kuficha.

Mwaka nao una mdundo wake. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, kwa hiyo Mei na Juni ofisi hukimbilia kumaliza bajeti na kumbi hujaa. Mwaka mpya wa fedha ukianza Julai, fedha huchelewa kutoka Hazina na kumbi hupoa. Kwa maoni yangu, siku za kati ya wiki mwanzoni mwa likizo ya Agosti ndizo bora zaidi kwa familia ya kipato cha kati: shule zimefungwa, warsha bado chache, mvua haba. Beba makoti tu. Desemba usijaribu kupiga bei. Njaanuari, kwa upande mwingine, karibu kila hoteli ina ofa, ila watoto wanarudi darasani na mfuko wa mzazi umekwisha kukaukia kwenye karo.

Kilicholitikisa soko hili miaka ya karibuni ni nyumba za kukodi kwa siku. Familia mbili au tatu huchanga, huchukua nyumba yenye jiko na uwanja, na hununua viazi, karoti na kabichi Soko Mjinga wakija kutoka Nairobi kwa barabara ya juu. Wenye hoteli hulalamika kwamba wao hutozwa VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, ilhali wenye nyumba hizo hawafuatiliwi sawasawa. Wana haki ya kulalamika, ingawa hoteli nyingi zimejibu kwa busara kwa kuuza bwawa na chakula cha mchana kwa wasiolala kwao. Anayekodi nyumba aulize mambo mawili kabla ya kutuma pesa: maji ya bomba hutoka siku zote? Na kuna ua wa kuzuia viboko? Wanyama hawa hutoka ziwani usiku kula nyasi, na bustani nzuri ya kando ya maji ni malisho yao.

Shughuli zenyewe hazihitaji msimu. Hell's Gate, hifadhi ya kilomita za mraba 68 iliyotangazwa mwaka 1984, ni mojawapo ya chache nchini ambako mtoto anaweza kuendesha baiskeli akipita pundamilia. Baiskeli hukodishwa njiani kabla ya lango, na kiingilio hulipwa kwa simu au kadi. Korongo lake ndilo la kuogopwa. Mafuriko ya ghafla yaliua watu saba mwaka 2012, kisha saba wengine mwaka 2019, na maji hayo yanaweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali. Ulizeni langoni kama korongo limefunguliwa, na kama kuna wingu, msishuke. Longonot, wenye kilele cha mita 2,776, unawafaa vijana. Wa miaka sita ataishia kubebwa. Kwa wadogo kuna Crescent Island, ambako watu hutembea kwa miguu kati ya twiga, na boti za Karagita. Kwenye boti bei hujadiliwa, jaketi za kuokoa maisha hazina mjadala.

Hatari kubwa ya biashara hii ni ziwa lenyewe. Mito Malewa na Gilgil huingia, lakini hakuna mto unaotoka juu ya ardhi, kwa hiyo kina hupanda na kushuka kwa namna inayowahangaisha wawekezaji. Mwaka 2009 maji yalirudi nyuma sana. Mwaka 2020 yalipanda hadi mtaa wa Kihoto, na 2025 yakarudi huko na kuwahamisha maelfu ya wakazi. Gati zilizama, na kambi zilizojisifu kuwa hatua chache tu kutoka majini zikajikuta ndani yake. Benki ikikopesha leo kwa ajili ya vyumba vya ufukweni, inakopesha juu ya mpaka unaohama.

Halafu kuna barabara. Novemba 2025 ulizinduliwa upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit inayopita Naivasha, pamoja na ile ya chini inayopitia Mai Mahiu, na wenye magari watalipia kuitumia. Wenye hoteli wameshangilia, maana foleni ya Jumapili jioni ya kurudi Nairobi huwafanya wengi waape kutokuja tena. Mimi ningeshangilia kwa tahadhari. Safari ikifupika, familia itaweza kufika asubuhi, kupanda boti, kula samaki Karagita na kulala kwake Rongai au Ruiru. Wenye baiskeli na boti watapata wateja zaidi. Hoteli zitalazimika kutafuta sababu mpya ya kumfanya mgeni alale.