Ulinganifu na Fumbo la Ulimwengu Unaotanuka

Katika barabara itokayo Eldoret kwenda Ziwa, mwendo wa kilomita 9 hivi kutoka mjini, penye mashamba ya mahindi na ngano ya Uasin Gishu, kipo Chuo Kikuu cha Eldoret, mahali palipoanzishwa mwaka 1946 kuwafunza walowezi kilimo cha mashamba makubwa, na ambapo leo vijana husomeshwa hisabati na fizikia. Nimekitaja chuo hiki kwa makusudi, kwa kuwa ilimu ninayotaka kuieleza haihitaji darubini ya thamani kubwa wala roketi. Yahitaji kalamu, karatasi na taamuli, nayo ni ilimu ya kufumbua milinganyo ya historia ya ulimwengu kwa msaada wa ulinganifu.

Asili ya milinganyo hiyo ni Einstein, mwaka 1915. Mwaka 1922 Alexander Friedmann wa Urusi alionyesha kwamba ulimwengu waweza kutanuka, na mwaka 1929 Edwin Hubble akaleta ushahidi wa vipimo. Kisha mwaka 1981 Alan Guth wa Marekani alitoa hoja kwamba hapo mwanzo ulimwengu ulitanuka kwa kasi isiyo na kifani, ukisukumwa na kitu kiitwacho uga wa skalari, yaani uga ambao kila mahali una thamani moja tu, isiyoelekea upande wowote. Wala nyuga za namna hii si dhana tupu, maana chembe ya Higgs, ambayo kugunduliwa kwake kulitangazwa karibu na Geneva mwaka 2012, ni ya uga wa jamii hiyo.

Taabu ni kwamba mambo mawili yasiyojulikana yamefungamana: kutanuka kwa ulimwengu hupunguza kasi ya kubadilika kwa uga, na nishati ya uga nayo huamua ulimwengu utanuke kwa kasi gani. Fauka ya hayo, nishati iliyolala ndani ya uga yaweza kufuata kanuni yoyote atakayoidhania mtaalamu, na aghalabu milinganyo ipatikanayo haina jawabu liandikikalo.

Mlango ulifunguliwa na mwanahisabati Emmy Noether, aliyethibitisha huko Göttingen, Ujerumani, mwaka 1918, kwamba penye ulinganifu wa mfululizo pana kiasi kisichobadilika. Ulinganifu ni hali ya kitu kubaki vile vile baada ya kugeuzwa, kama ungo wa kupetea nafaka unavyobaki na umbo lile lile la duara uuzungushe utakavyo. Mwanamke huyu, ambaye kwa miaka kadhaa mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la mwanahisabati mwenzake David Hilbert kwa kuwa wanawake walinyimwa nafasi ya kufundisha, alifukuzwa kazi mwaka 1933 kwa sababu ya Uyahudi wake, akafariki Marekani mwaka 1935. Nami sioni dhuluma kubwa kuliko hiyo katika historia ya hisabati ya karne ile.

Na tuutazame mfano mwepesi kuliko yote. Tuseme uga hauna nishati iliyolala, una ile ya mwendo tu. Ukiiongeza thamani yake kwa 5 au kwa 100 kila mahali, milinganyo haitambui, kwa sababu ndani yake imo kasi ya uga, haimo thamani yenyewe. Huo ndio ulinganifu, na kiasi chake kisichobadilika ni hiki: mchemraba wa ukubwa wa ulimwengu ukizidishwa kwa kasi ya uga, jawabu ni lile lile daima. Basi ulimwengu ukikua mara 2, kasi ya uga hushuka hadi 1/8, na nishati iliyomo katika kila kipande cha nafasi, kwa kuwa hufuata mraba wa kasi, hushuka hadi 1/64. Ukiitia habari hiyo katika mlinganyo wa Friedmann, ule unaofunganisha kasi ya kutanuka na nishati, fundo lote hufunguka: mchemraba wa ukubwa huongezeka sawasawa na muda, hata ulimwengu ukitaka kukua mara 2 sharti umri wake uwe mara 8.

Mwaka 1990 Ruggiero de Ritis na wenzake wa Naples waliligeuza swali: badala ya kudhania kanuni ya nishati kisha kutafuta ulinganifu, waliuliza ni kanuni zipi zenye ulinganifu, na zile zilizopita mtihani zikawapa majawabu kamili. Barani Afrika kazi hii imestawi Durban, alikofundisha Peter Leach kwa miaka mingi, na ambako Andronikos Paliathanasis ameiendeleza katika nyuga za skalari.

Walakini yafaa tahadhari. Kanuni kuwa na ulinganifu ni rehema kwa mwenye kuhesabu, wala si dalili kwamba maumbile yameichagua. Vipimo vya DESI, mradi unaopima mtawanyiko wa galaksi, vilivyotangazwa mwaka 2024 na 2025, vimeashiria kwamba nishati ya giza, ile inayouharakisha ulimwengu, huenda inadhoofika kadiri muda unavyopita, na ikithibitika hivyo uga wa skalari utakuwa miongoni mwa wanaoshukiwa kwanza. Hapo majawabu kamili, hata yakiwa ya kanuni isiyo ya kweli, yatakuwa na kazi yake, maana kompyuta ikikosea hesabu yenye jawabu linalojulikana, haistahili kuaminiwa katika ile isiyo nalo.