Diski ya nje ikigoma, usiharakishe kuifomati

KATIKA mji wa Isebania, ulio mpakani mwa Kenya na Tanzania, kazi za watu wengi zimehamia ndani ya kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani. Mpiga picha huhifadhi humo picha za harusi na mazishi ya pande zote mbili za mpaka. Mwenye duka la kupakia filamu na nyimbo huweka humo bidhaa yake yote. Wakala wa forodha huweka humo nakala za hati za mizigo iliyokwisha kupita miaka mingi. Kisanduku hicho ni diski ya nje, ile inayounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na siku inapogoma mwenyewe huhisi kana kwamba duka limeteketea.

Tuseme mkasa huo umempata mpiga picha mmoja wa mjini humo. Amechomeka diski yake, taa imewaka, lakini kompyuta imeandika kwamba diski haina budi kufomatiwa kabla ya kutumiwa. Ameichomoa na kuirudisha mara tatu na jibu ni lile lile. Jirani yake anayeuza simu anamshauri akubali, kwa kuwa kompyuta yenyewe ndiyo iliyosema. Ndani ya diski hiyo zimo picha za mazishi ya mzee mmoja wa Sirari, ng'ambo ya mpaka, ambazo jamaa watazifuata Jumamosi. Hazimo mahali pengine popote.

Ushauri wa jirani ni wa kukataliwa. Ujumbe ule si utambuzi wa ugonjwa. Kompyuta inasema tu kwamba imeshindwa kuisoma orodha inayoonyesha kila faili limekaa wapi, na haijui kwa nini. Sababu yaweza kuwa waya mbovu wa bei ndogo, au sahani za diski zilizokwaruzika. Kompyuta haitofautishi, nayo hutoa pendekezo lile lile kwa maradhi yote. Tena kuna aina mbili za kufomati. Ile ya haraka hufuta orodha na kuacha sehemu kubwa ya yaliyomo mahali pake, hivyo fundi mwema aweza kuyapata. Ile kamili, tangu toleo la Windows Vista la mwaka 2007, huandika sufuri juu ya diski yote, na baada ya hapo hakuna fundi wa Nairobi wala wa Ulaya atakayerudisha picha hata moja.

Basi aanzie wapi? Aanzie kwenye umeme. Diski ndogo za inchi 2.5, zile zisizo na waya wa kuchomeka ukutani, hupata nguvu zao zote kutoka katika tundu la USB. Tundu la USB 2.0, aina iliyotolewa mwaka 2000, limepangiwa kutoa volti 5 na miliampea 500. Lile la USB 3.0, lililokuja mwaka 2008 na ambalo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, hutoa miliampea 900. Nayo diski, katika sekunde chache za kuanza kuzungusha sahani zake, yaweza kuhitaji karibu ampea nzima. Taa itawaka, kwani taa hutosheka na umeme kidogo sana, lakini mota haitapata nguvu ya kutosha. Itaanza, itakatika, itaanza tena. Mwenye diski akisikia mlio ule wa kukatika-katika hudhani diski imekufa, kumbe ina njaa.

Makosa mengi ya namna hii hutokana na mahali diski ilipochomekwa. Matundu ya mbele ya kompyuta ya mezani hupitishia umeme katika nyaya nyembamba za ndani, na si ajabu yakawa dhaifu kuliko yale ya nyuma ambayo yameshikamana na ubao mkuu. Waya mrefu wa kuunganishia hupunguza umeme njiani. Kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake chenyewe hugawia vifaa vinne nguvu iliyokusudiwa kwa kimoja. Kwa hiyo iondoe diski huko kote, uichomeke katika tundu la nyuma kwa waya mfupi ulio mzima, kisha ijaribu katika kompyuta nyingine kabisa. Uazime waya wa mtu mwingine ambao umeuona ukifanya kazi siku hiyo hiyo. Nyaya nyingine za simu hupitisha chaji tu na hazipitishi data hata kidogo, na kwa sura huwezi kuzitambua.

Wenye diski kubwa za inchi 3.5 wana adapta ya ukutani, kwa kawaida ya volti 12. Hapa nitoe tahadhari, kwa sababu kosa hili hutendwa kwa nia njema. Adapta ikipotea, watu huchukua ya king'amuzi au ya kipakatalishi kwa kuwa kichwa chake kimeingia. Adapta nyingi za vipakatalishi hutoa volti 19 au zaidi. Kichwa kuingia hakumaanishi kwamba umeme unafaa, na sekunde moja yatosha kuiunguza kadi ya diski. Soma kilichoandikwa ubavuni mwa adapta na mgongoni mwa diski. Volti zilingane, na ampea za adapta zisipungue.

Baada ya umeme, tumia sikio. Diski nzima ikipata nguvu huvuma taratibu, na ukiishika utahisi mtetemo mwepesi. Zile za kisasa ziitwazo SSD hazina sahani, hivyo ukimya wake si dalili ya chochote. Lakini ikiwa umekwisha kubadilisha waya, tundu na kompyuta, na bado diski inagonga tik, tik, tik kwa mpigo unaorudia, au inakwaruza, ichomoe papo hapo wala usiirudishe tena. Vichwa vinavyosoma data huelea juu ya sahani kwa nafasi nyembamba mno kuliko unene wa unywele, na sahani zenyewe huzunguka mara 5,400 au zaidi kwa dakika. Kichwa kikigusa, kila jaribio jipya ni mkwaruzo mpya. Wapo wanaoigonga diski mezani, wapo wanaoiweka katika jokofu usiku kucha, na wapo wanaoifungua kwa bisibisi ili waone. Katika mji ambao malori hayaishi kupita na vumbi halitulii, kuifungua diski dukani ni kuimaliza.

Ikiwa inavuma vizuri lakini haionekani, kuna mahali pa kutazama. Katika Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, kisha andika diskmgmt.msc. Utaona diski zote ambazo kompyuta imezitambua. Yako ikiwemo kwa ukubwa wake sahihi ila haina herufi, tatizo ni dogo: ipe herufi ambayo haijatumiwa na nyingine, nayo itafunguka. Ikiwemo kwa ukubwa wake lakini imeandikwa RAW, orodha ya faili ndiyo iliyoharibika. Ikionyesha ukubwa wa ajabu au sufuri, ugonjwa uko ndani zaidi. Na isipoonekana kabisa ilhali inavuma, shuku kadi ndogo iliyo ndani ya kisanduku, ile inayotafsiri baina ya diski na USB. Fundi aweza kuitoa diski katika kisanduku bila kuifungua diski yenyewe, akaiunganisha kwa kisanduku kingine. Dawa hiyo haifai kwa zote, kwani baadhi ya viwanda vimeunganisha tundu la USB moja kwa moja na ubao wa diski, na vingine hufunga data kwa siri inayofunguliwa na kadi ile ya awali tu. Usiitupe kadi ya zamani.

Yapo matatizo mawili yanayojifanya ugonjwa. La kwanza ni la diski iliyotoka kwa jamaa wa ughaibuni anayetumia kompyuta ya Apple. Diski hiyo huenda imepangwa kwa mtindo ambao Windows haiusomi, na ikichomekwa mjini Isebania italeta ombi lile lile la kufomatiwa, ingawa haina kasoro yoyote. Irudishwe katika kompyuta ya Apple, faili zinakiliwe, ndipo ipangwe kwa mtindo wa exFAT unaosomwa na pande zote mbili. La pili ni kirusi kinachoficha folda na kuacha njia za mkato mahali pake. Mwenye diski huona ukubwa umejaa ila faili hazimo. Safisha kompyuta kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kisha, ikiwa diski imepewa herufi F, fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d F:\*.* nazo folda zitajitokeza.

Turudi kwenye orodha iliyoharibika, maana huko ndiko uhasibu wa faida na hasara ulipo. Mara nyingi huharibika kwa kuchomoa diski wakati bado inaandika, au kwa umeme kukatika, jambo ambalo wakazi wa mpakani hawahitaji kuelezwa. Mafundi wengi hukimbilia chkdsk, programu ya Windows ya kurekebisha diski. Si programu mbaya, lakini hurekebisha kwa kubadilisha, na katika diski inayokufa huweza kuvuruga kilichosalia. Kanuni ni kunakili kwanza, kutengeneza baadaye. Ikiwa diski ni dhaifu, itumike programu ya ddrescue katika mfumo wa Linux, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huruka zilizo ngumu na kuzirudia mwishoni. Nakala hiyo ndiyo itakayofanyiwa uganga. Programu za TestDisk na PhotoRec, zilizoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, hazilipiwi. Ya kwanza hutafuta orodha iliyopotea, ya pili hutafuta picha moja moja kwa kuzitambua mwanzo wake. PhotoRec hairudishi majina ya faili, hivyo mpiga picha ajiandae kuzipanga upya kwa macho yake. Na kilichookolewa kiwekwe katika diski nyingine, kamwe si katika ile ile inayookolewa.

Kama itabidi diski ipelekwe kwa mtaalamu mwenye chumba kisichoingia vumbi, ifungwe kwa vitu laini pande zote kabla ya kukabidhiwa basi la usiku. Kubaliana juu ya malipo mapema, na uulize kama utadaiwa hata asipopata kitu. Picha za wateja ni siri zao pia. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo diski iliyojaa nyuso za watu wa pande mbili haifai kuachwa kaunta kwa fundi usiyemjua.

Mpiga picha mwenzao wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikikaa mbali na nyingine. Kwa mtu wa Isebania, mbali si lazima pawe Nairobi. Diski ya pili kabatini mwa dada yake Sirari yatosha kuokoka moto na wizi wa dukani, na akipata mtandao wenye nguvu picha teule aweza kuzipandisha huko.

Sasa tuseme mpiga picha wetu amehamisha diski hadi tundu la nyuma, kwa waya mfupi wa kuazima, nayo imefunguka. Asiichomoe kwa furaha wala asianze kuchapa picha za wateja. Akiwa na gigabaiti 500 na tundu la USB 2.0, kunakili zote kutachukua karibu saa tano, na umeme waweza kukatika katikati. Atumie kipakatalishi chenye betri nzima kama kinapatikana, aache kila shughuli nyingine, na aanze na folda ya yale mazishi.