Nambari Ndefu Iliyo Chini ya Ankara

Aitazamaye ankara iliyotoka kwa mfanyabiashara wa Ujerumani hukuta, aghalabu chini kabisa, msururu wa alama 22 unaoanza na herufi DE, nao ndio nambari ya akaunti ya benki ya kimataifa, iitwayo kwa ufupi IBAN, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1997 ili fedha zivukazo mipaka ya dola zisipotee njiani. Herufi mbili za mwanzo hutaja nchi. Tarakimu mbili zifuatazo ni za ithibati. Zilizosalia ni za benki na za akaunti yenyewe, na urefu hutofautiana, kwani nchini Norwe ni alama 15 tu, na Malta 31.

Ustadi wote umo katika zile mbili za ithibati. Mashine huzichukua alama nne za mwanzo ikazipeleka mwisho, ikageuza kila herufi kuwa hesabu, A ikawa 10 na Z ikawa 35, kisha ikaigawanya nambari nzima kwa 97: ikibaki 1, nambari inakubaliwa, ikibaki kinginecho, pana kosa. Karani aliyeandika 6 mahali pa 9, au aliyepindua tarakimu mbili zilizo jirani, hugunduliwa kabla hata senti moja haijaondoka.

Lakini katika ankara za kielektroni, ambazo tangu Januari 2025 wafanyabiashara wa Ujerumani wamewajibika kuwa tayari kuzipokea kutoka kwa wenzao wa humo nchini, nambari hiyo ina mahali pake maalumu ndani ya hati, programu ikaichota na kuitia katika malipo pasipo jicho la mtu kuipitia. Hapo ndipo ninapoona hatari inayosahauliwa mno: ithibati ile huzuia taksiri ya mkono, wala haizuii hila. Laghai aingiliaye baina ya mdai na mdaiwa, akaiondoa akaunti ya haki na kuweka yake, huweka nambari iliyo sahihi kabisa, yenye kubakisha 1 kama inavyopasa. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya umezilazimisha benki za nchi zitumiazo yuro, tangu tarehe 9 Oktoba 2025, kulinganisha jina la mlipwaji na nambari kabla mteja hajaidhinisha hawala.

Kenya na Tanzania hazitumii IBAN. Muuza kahawa wa Moshi anayemdai mnunuzi wa Hamburg huandika akaunti yake ya kawaida pamoja na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki yake, na hilo latosha. Naye mnunuzi, akiletewa ankara yenye akaunti mpya, asilipe kwanza. Na ampigie muuzaji kwa simu aliyoijua tangu zamani, si kwa ile iliyoandikwa katika ankara hiyo.