Mti Hula Nini Wakati wa Kiangazi?

Kila mwenye kusafiri kutoka Kahama kwenda Geita mwishoni mwa mwezi wa Septemba ameiona ajabu hii, ijapokuwa yamkini hakuiwazia. Mvua haijanyesha tangu Mei, nyasi zimeungua, visima vimeshuka, wala wingu halionekani. Lakini mitundu na miyombo iliyokuwa uchi juzi imevaa majani mapya yenye rangi ya damu ya mzee. Majani hayo yametengenezwa kwa chakula gani?

Sisi tusomao Elimu ya Viumbe twajua kwamba jani ndilo jiko la mti. Huingiza hewa ya kabonidioksidi kwa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, likaichanganya na maji yatokayo mizizini kwa nguvu ya jua, likapata sukari. Hewa hiyo ni chache mno: katika kila sehemu 10,000 za hewa tuivutayo, yenyewe ni kama sehemu 4 tu. Hata hivyo humo ndimo utokamo mti mzima. Ukikausha ukuni ukaupima, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, nayo ilitoka hewani, si udongoni. Nimebishana na watu wengi juu ya jambo hili, hata wazee wenye shamba.

Basi ikiwa jiko limepukutika mwezi wa Julai, mti hupika wapi? Haupiki. Hula akiba. Wakati wa mvua jani hupika kupita haja, na ile ziada hugeuzwa kuwa wanga, ikawekwa ndani ya shina na hasa mizizini, kama sisi tuwekavyo mtama ghalani. Kiangazi mti hupumua polepole na kutumia kidogo kidogo. Inapofika Septemba hulifungua ghala lote kwa pupa: wanga hurudi kuwa sukari, sukari hupanda na kuwa majani, na maji huvutwa na mizizi mirefu kutoka chini sana. Hivyo mvua ya kwanza ikinyesha hulikuta jiko tayari.

Misonobari ya nchi za baridi kali, kama Ufini na Kanada, ina desturi nyingine. Majani yake membamba kama sindano hayapukutiki yote kwa pamoja. Wakati wa barafu, ardhi ikiwa imeganda, hupika kidogo sana au hayapiki kabisa. Wanga wake hugeuzwa sukari, na sukari hiyo husaidia chembe hai zisiharibiwe na baridi. Joto likirudi, sindano za zamani huanza kupika kabla machipukizi hayajafunguka, zikajaa wanga tena wa kuwalisha wadogo zao. Adui wao ni baridi, wetu ni ukame. Lakini ghala ni lile lile.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenishika. Babu yangu ana ngitili, yaani eneo la malisho lifungwalo ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Miaka miwili iliyopita, kwa kibali cha serikali ya kijiji, babu alikata miti sita mwezi wa Juni. Likizo ya Septemba mimi na kaka yangu tukakata mingine saba, tukauza magogo yawe matimba ya kuzuia udongo katika maduara ya dhahabu. Majani mekundu yalikuwa yametoka tu. Tulifurahi kwa fedha tuliyopata.

Visiki vya babu vyote sita vilichipua kwa nguvu. Vyetu saba vilitoa vijiti vyembamba, mbuzi wakavila, vikatoa tena vichache, na leo viwili tu vingali hai. Kaka alisema ni mbuzi. Yamkini, lakini mbuzi walikula vya babu pia. Mwaka jana nilichimba vipande vya mizizi ya mtundu mmoja, kimoja Juni na kimoja Septemba, nikaomba iodini kwa mwalimu. Kipande cha Juni kiligeuka cheusi chenye ubuluu, dalili ya wanga mwingi. Cha Septemba kilibaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe, isipokuwa madoa machache. Mti mmoja si ushahidi wa kutosha, najua. Lakini niliona wazi kwamba tuliikata miti yetu ghala likiwa tupu.

Ghala hilo la chini ndilo lililoiokoa Shinyanga. Misitu ilifyekwa mno, kwanza ili kuwafukuza mbung'o zamani za wakoloni, kisha kwa kuni, mkaa na mashamba ya pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizobaki zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miche ilipandwa, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya miti ile ilichipua yenyewe kutoka mizizi na visiki vilivyokuwa vingali na akiba. Kisiki kikikatwa tena na tena kabla hakijaweka akiba hufa, na hapo hakuna mradi utakaokifufua.

Juni hii kaka alitaka kukata miti kumi. Babu alimruhusu minne, akaagiza kila kisiki kizungushiwe miiba siku ile ile. Mimi nilikata miiba. Vile visiki vyetu viwili navyo nimevizungushia, na kimoja kina machipukizi yanayonifikia kiunoni.